Ufunguo wa Wifi

Pochi yangu iliibwa sokoni, Ijumaa moja, nikiwa nimeinama kuchagua maharagwe. Ndani mlikuwa na funguo za nyumba na kadi yangu ya mpiga kura, yenye barabara yetu ya Ndosho na namba ya kiwanja. Nilirudi kwa pikipiki nikimfikiria mtu nisiyemjua, mlango wangu na anwani yangu vyote mkononi mwake.

Mume wangu, aliyekuwa karani katika depo ya bidhaa, alinikuta nimeketi mlangoni juu ya mawe meusi, mkono shavuni. Ufunguo wake aliuacha ndani asubuhi, akijua mimi ndiye nitakayetangulia kufika. Nilimweleza yaliyonipata, hata hakushtuka.

"Usiogope, mama. Kuko ingine."

Akapiga simu, akaongea Kinande, lugha ya kwao, akacheka. Mimi ni mtu wa upande wa Bukavu. Kinande nakiokota neno moja moja. Nilichookota ni "dada".

Dada yake mkubwa alifika kutoka mtaa wa Mabanga, akanipa pole kwa mikono miwili. Kisha akafungua pindo la kitenge chake, akatoa ufunguo, akafungua mlango wangu. Mlango ule ulikuwa na ukaidi wake: usipouinua kidogo kwa goti, kitasa hakikubali. Mimi nilipoolewa ulinichukua majuma kuuzoea. Yeye aliinua goti huku ananiuliza habari za soko.

Ndani alikwenda moja kwa moja kwenye kiberiti, nyuma ya kopo la sukari, akawasha mbabula, lile jiko la makaa. Mimi nilibaki nimesimama kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa kiti.

Alipoondoka nilimuuliza mume wangu, "Ana ufunguo tangu lini?"

"Tangu zamani, mbele ya kukuoa. Ni dada yangu."

"Na anautumia?"

Alikuwa anavua viatu. "Anakuja Alhamisi, ukiwa kwenye kwaya. Ananipigia mashati pasi, tu hivyo."

Tu hivyo! Mashati yale niliwasifia wanawake wote wa kwaya. Niliwaambia mume wangu hanisumbui, anajipigia pasi mwenyewe, tena kwa mkunjo ulionyooka kwenye mikono ya shati. Walinionea wivu, nami nikaufurahia. Kumbe kila Alhamisi, nikiwa naimba, mwanamke mwingine alikuwa anatia makaa kwenye pasi yangu. Kwamba ni dada yake hakukunipunguzia kitu. Mwanamke wa nje ningemfukuza. Huyu ningemfukuza vipi?

Tulilala tumesukuma kabati mlangoni. Asubuhi fundi wa vitasa alikuja, na mume wangu akamwambia abadilishe moyo wa kitasa tu, mengine yabaki.

"Hapana," nikasema. "Kitasa chote. Na komeo la ndani. Na kufuli mpya kwenye geti."

"Mama, mwizi ni mmoja."

"Unamjua?"

Akasogea pembeni. Fundi alikuwa anatoboa mlango wakati wifi alipoingia na mfuko wa maparachichi, kuangalia tunaendeleaje. Akaketi, akatazama kitasa cha zamani kikitolewa, tundu limebaki wazi, mwanga wa nje unapita. Fundi akarekebisha na bawaba, mlango ukawa unafunga bila goti la mtu. Kisha akashika funguo tatu mpya.

"Moja ya papa, moja ya mama. Na hii ya tatu?"

Mume wangu alimtazama dada yake. Wifi alitazama ufunguo. Nilinyoosha mkono.

"Ya tatu inabaki hapa," nikasema.

Wifi akatabasamu kidogo. "Ni vizuri, wifi. Mutu akipoteza funguo, abadilishe." Akafungua pindo, akaweka ule wa zamani mezani kando ya maparachichi, akaaga. Mume wangu alimsindikiza hadi barabarani na akakawia kurudi. Aliporudi hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Jumamosi hiyo hiyo nilipiga mashati yote pasi. Jumapili alivaa moja, akanishukuru, na njia nzima ya kwenda misa nilimwona anavutavuta mkono wa kushoto wa shati.

Wiki mbili zilipita bila wifi. Kisha jioni moja nilisikia hodi. Hakuwahi kubisha hodi kwangu. Nilifungua, nikamkaribisha kwa heshima zote, nikamwonyesha kiti.

"Hapa ni sawa," alisema. "Nitapunga upepo."

Akaketi nje kwenye ngazi ya mawe. Mume wangu akaacha chai yake ikitoa mvuke mezani, akatoka, akaketi naye. Wakaanza Kinande chao, mara mmoja anampiga mwenzake begani, mara wote wanacheka. Nilisogeza kiti changu karibu na mlango, nikasikiliza. Sikuokota hata neno.