Karani wa Umaskini Alipofika Masukulu

Haya, ninyi mnaotafuna mahindi hapo, pumzisheni mataya kidogo mnisikilize. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, cheka tu, leo sidanganyi sana.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Tukuyu yalikaa matupu mpaka panya wakahama, halafu ghafla yakafurika: sabuni, redio, mitumba milima kwa milima. Mimi kule Masukulu nilibeba mikungu ya ndizi kichwani mpaka shingo ikazama kifuani, ndiyo nikapata baiskeli. Baiskeli hiyo jamani! Ikipita, mbuzi wanasimama. Nikiipoteza, narudi kubeba kichwani.

Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi akapita. "Kesho anakuja karani wa serikali. Anataka kujua kama umaskini umepungua."

"Atajuaje?" nikamuuliza.

"Ataangalia nani ana redio, nani ana baiskeli."

Jirani yangu akaninong'oneza, "Ndugu yangu, tangu lini mtu akaulizia baiskeli yako kwa sababu anakupenda?"

Wote tuliwaza kitu kimoja: kodi. Halafu tukasikia karani mwenyewe ametoka Makandana, kule mjini, anavaa soksi hata kwenye matope. Mtu wa hivyo unamwaminije?

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ungeukata kwa panga ukaufunga mzigo. Nikaikokota baiskeli mpaka kwa bibi mmoja mjane, mwisho wa migomba. Kibanda cha mianzi, paa la nyasi. Nani atatafuta mali humo? Nasukuma mlango, kumbe! Redio sita zimeshafika. Baiskeli nne. Majirani wote tulikuwa na akili moja. Ng'ombe wa balozi yuko ndani, anatafuna kitanda cha bibi.

"Ingiza tu, mwanangu," bibi akasema. "Nafasi ipo chini ya ng'ombe."

Karani akafika, akatukuta tumejipanga na matambara yetu. Mimi nilivaa gunia.

"Hapa kwenu naingia nyumba moja tu," akasema. "Ilishachaguliwa ofisini." Akafungua karatasi, akasoma. Ya bibi!

Balozi akakohoa nusura ateme pafu. "Mheshimiwa, huyo hana kitu, utamaliza wino bure."

Karani huyo, anakwenda. Sisi nyuma yake.

Alipochungulia ndani, kalamu ikamdondoka. "Bibi, redio zote hizi za nani?"

Bibi akatutazama mmoja mmoja. Akisema ukweli, tumekwisha.

"Zangu."

"Na baiskeli tano?"

"Zangu, baba. Asubuhi napanda hii, jioni ile."

"Na ng'ombe ndani ya nyumba?"

"Huyo ananiamsha kwenda kanisani."

Karani akaandika mpaka vidole vikavimba. Akamshika bibi mkono. "Kama mjane anaishi hivi, basi umaskini hapa umebaki hadithi!" Akaondoka anapiga mluzi.

Tukashusha pumzi, mimi nikaingia kushika usukani wa baiskeli yangu. Bibi akaweka fimbo yake mlangoni, katikati. Macho yake sikuyapenda hata kidogo.

"Bibi, naomba kupita na yangu."

"Yako?" akang'aka. "Mimi nimeandikwa na serikali. Wewe umeandikwa wapi?"