Siku Roketi Ilipogonga Mwezi

Mwalimu Urbain alifundisha fizikia mjini Bunia hadi mwaka 2003, wanamgambo walipoichoma shule. Mkewe alichinjwa mlangoni. Yeye alikatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, akaachwa akidhaniwa maiti. Miaka sita baadaye alikuwa akifunga boliti za malori kiwandani Södertälje, nchini Uswidi, na Jumamosi akiwafundisha hesabu watoto wa Wakongo wa mtaa wa Rinkeby.

Oktoba 2009 Wamarekani walitangaza kuwa wataiangusha roketi iliyokwisha kazi kwenye shimo la giza karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Urbain aliomba ruhusa kazini, akaazima ukumbi wa kanisa, akaalika watu watazame kwenye skrini. Saa saba mchana walikuwa kama thelathini.

"Kwa nini shimo lile?" bintiye Shalom aliuliza kwa Kiswidi.

Urbain alijibu kwa Kiswahili, wote wasikie. "Miale ya anga hupiga udongo wa Mwezi, nyutroni zikafyatuka. Chombo kinachozunguka huko juu kinazihesabu. Nyutroni ikigonga hidrojeni hupoteza kasi. Basi pale zenye kasi zilipopungua, wakapachora kwenye ramani. Huenda pana barafu."

Mtu wa safu ya nyuma akacheka. "Mwalimu, utahesabuje nawe vidole havitimii?"

Urbain aliitambua sauti kabla ya uso. Akashuka jukwaani polepole.

"Papy," alisema. "Wewe ndiye uliyeshika panga."

Papy akaacha kucheka. Alipoinuka, Urbain alimpiga kiti cha chuma usoni, meno yakaruka. Akamkalia kifuani, akamshindilia ngumi hadi taya likavunjika. Papy alichomoa kisu akamchoma ubavuni, mara mbili. Urbain hakumwachia.

"Pappa, sluta! Baba, acha!" Shalom alilia, akimvuta shati lililolowa damu.

Wanaume wanne ndio waliowatenganisha. Roketi ilikwisha gonga, na hakuna aliyeiona.

Novemba, akiwa mahabusu, Urbain alisoma gazetini kwamba maji yamepatikana kwenye vumbi lililoruka. Alifungwa miaka miwili. Papy naye alifungwa kwa kile kisu, ila alikana kuwahi kukanyaga Bunia. Ndipo Mama Perpétue, mpishi wa kanisa, alipokwenda polisi mwenyewe kueleza alichomwona Papy akikifanya kule Bunia. Uchunguzi ukafunguliwa.

Shalom alikwenda gerezani kumwona baba yake.

"Ulitaka kumuua?"

"Nilitaka."

"Na sasa?"

Urbain aliutazama mkono wake. "Bado nataka, mwanangu."

 Shalom alikaa naye hadi muda ukaisha.