Bendi ya Ngazini

Wifi yangu anapiga pasi nguo za watu, na anacheka ovyo. Hayo mawili yanatosha kumweleza. Mtu akiteleza mbele yake atakimbilia kumwinua, sikatai, lakini atamwinua huku amekatika mbavu, mpaka yule aliyeanguka aanze kumbembeleza yeye. Siku ya harusi yake alipoulizwa kama amekubali kuolewa, kicheko kilimbana hivyo hivyo, na kaka yangu alitoka jasho mpaka kola ikalowa. Jibu lilipatikana baadaye kidogo, kwa kuitikia kwa kichwa.

Mtaani wanamwita Mama Pasi. Meza yake iko sebuleni kwetu, ghorofa ya nne, chini ya dirisha. Nasema kwetu kwa sababu nilikuja kwa kaka kukaa kidogo tu wakati natafuta chumba, na chumba bado nakitafuta. Kaka ni fundi viatu, mtu wa maneno machache. Yaliyobaki tumegawana mimi na wifi.

Mikono ya huyu mwanamke haijui kutulia. Akisubiri pasi ishike moto, vidole vinagonga meza. Akinyunyizia shati maji, kisigino kinagonga sakafu. Kaka alivumilia miaka na miaka, halafu siku moja akapanda ngazi akihema, amebeba dramu tatu na tasa moja la shaba la kugongwa kwa kijiti, vitu alivyopewa na shule iliyovunja bendi yake ya gwaride. Akazipanga katikati ya sebule, akajifuta uso.

"Gonga hizi," alisema. "Meza ipumzike."

Wifi wakati huo alikuwa na wajukuu. Hakuna aliyemfundisha. Mwezi wa kwanza ilikuwa balaa tupu, na mimi niliyekuwa nalala chumba cha pili nilimchukia kwa dhati. Lakini ikafika jioni moja nikajikuta nakatakata vitunguu nikifuata mpigo wake, tena bila kukata kidole, nikajua kwamba mambo yameiva.

Walianza kumjia wenyewe. Wa kwanza alikuwa Kinyozi, mwenye saluni pale chini mlangoni, ambaye huimba akinyoa na hunyoa vibaya akiimba. Akafuata Mpishi wa hospitali, anayekaa ghorofa ya pili na gitaa lake la nyuzi tano. Wa mwisho ni mzee wa ghorofa ya tatu, mlinzi mstaafu mwenye tarumbeta, mnyamavu, mpole, suruali imenyooka kama rula kwa kazi ya mikono ya wifi. Basi bendi ikapatikana. Mahali pa kufanyia mazoezi ndipo hapakupatikana, kwa kuwa sebule yetu ikiingia dramu na meza ya pasi, mtu wa tatu anasimama kwenye balkoni.

Kila mmoja akawa anapigia kwake. Wapangaji walilalamika, na walikuwa na haki. Msimamizi wa jengo akaita kikao. Huyu ni mtu anayependa vikao kuliko chakula. Alisikiliza kila upande, akakohoa, akatoa hukumu.

"Kelele zenu lazima zigawanywe kwa usawa," alisema. "Haiwezekani ghorofa moja ibebe mzigo wote. Kila chombo kipigwe kwenye ghorofa yake, pale ngazini. Dramu ya nne, tarumbeta ya tatu, gitaa ya pili, mwimbaji chini mlangoni."

"Na ghorofa ya kwanza?" nilimuuliza, maana ndiko anakoishi.

"Ghorofa ya kwanza itasimamia," alijibu.

Mtu mwingine angeona ni kichaa. Wao walikubali, wakashukuru, wakaenda kukaa kila mmoja kwenye kona yake ya ngazi. Na mambo yakaenda. Dramu zilishuka ngazi, tarumbeta ikazidaka, gitaa likapokea, na Kinyozi kule chini akapata kila kitu kikiwa kimeshachanganyika, akafungua mdomo. Mwaka mzima walipiga hivyo. Hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akipiga, na hakuna aliyeona kwamba hilo ni tatizo. Nami pia sikuliona, mjuaji wa mambo yote.

Wimbo wao mkubwa unamhusu mteja aliyesinzia kwenye kiti cha kinyozi akaamka na kichwa cha mtu mwingine. Kinyozi anasema ni hadithi ya kubuni. Wateja wake wanasema sivyo.

Halafu likatangazwa tamasha la sanaa la mtaa, Jumamosi, barabara yetu ifungwe magari yasipite. Msimamizi akapanda mpaka kwetu, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Mtapiga mbele ya watu," alimwambia wifi. "Mkipendeza, endeleeni. Mkituaibisha, dramu zinatoka jengoni Jumatatu. Wapangaji wamechoka, mama."

Alipoondoka wifi hakucheka. Aliichomoa pasi kwenye umeme, akaketi.

"Wifi, unajua nini?" aliniambia. "Maisha yangu yote nanyoosha nguo za watu wanaokwenda mahali. Hii ndiyo mara ya kwanza kuna kitu kinatoka mikononi mwangu na hakuna mtu anakuja kukichukua."

Nilikwenda kumwagilia maua ambayo nilikuwa nimeshayamwagilia asubuhi.

Jumamosi mtaa ulirukwa na akili. Michoro ya watoto wa shule ilibanwa kwa vibanio kwenye kamba za kuanikia nguo. Fundi rangi alikuwa anawachora watu nyuso, na aliponimaliza mimi nikawa chui mwenye miwani. Kulikuwa na vijana wa sarakasi, kulikuwa na mama mmoja aliyeghani shairi refu kuhusu mwenye nyumba wake huku mwenye nyumba akipiga makofi bila kuelewa. Jukwaa la mbao lilikuwa mbele kabisa ya jengo letu. Nilikula, nikacheza, nikapotea, nikapatikana. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Mtangazaji akawaita. Wakapanda wanne hao, wamevaa mashati meupe ambayo wifi aliyapiga pasi mpaka yakasimama yenyewe. Watu wakashangilia. Wifi akainua vijiti, akahesabu, wakaanza.

Na hapo ndipo Mstaafu alipopuliza tarumbeta.

Mzee wa watu, mashavu yake yalifura. Sijui niseme nini zaidi. Yalifura mpaka masikio yakasogea nyuma, macho yakatoka, na nyusi zikawa zinapanda na kushuka kila akibadilisha sauti. Mwaka mzima sauti ile tamu ilikuwa inapanda ngazi, na wifi hakuwahi kujua inatoka kwenye uso wa namna gani. Alimwona. Mpigo wa pili ukayumba, wa tatu ukaanguka. Alikuwa ameinama juu ya dramu, mabega yanatetemeka.

Kinyozi akageuka kuona kulikoni, naye akapotea, maana dramu alizozoea kuzisikia kutoka mbali sasa zilikuwa zinamlipukia mgongoni. Akaona wifi anavyocheka, akaona mashavu, akaimba "kichwa" halafu hakuendelea. Mpishi akaanza kucheka kwa kumwona Kinyozi. Mstaafu peke yake ndiye aliyeendelea kupuliza, kwa heshima zote, mpaka akawatazama wenzake, akacheka ndani ya tarumbeta. Ilitoa mlio ambao mbwa wa mtaa wa pili waliuitikia.

Watu nao walicheka, wengine kwa wema, wengine si kwa wema. Mtangazaji akasema tuwashukuru hao hao. Walishuka bila kumaliza hata wimbo mmoja.

Nilimkuta wifi amekaa kwenye ngazi za chini, ndani, kijiti kimoja mkononi. Bado alikuwa anacheka, lakini machozi yalikuwa ya aina nyingine.

"Nimewaharibia," alisema. "Nikiwaona siwezi, wifi. Nikiwa juu peke yangu nawasikia wote vizuri."

Nikakasirika. Hasira zangu zina faida mara moja moja.

"Basi panda juu," nilimwambia.

Akanitazama. Ngazi za jengo letu zinaelekea barabarani, na ukuta wake wote, kutoka chini mpaka juu, ni wa matofali yenye matundu ya kupitisha hewa. Jukwaa lilikuwa hatua chache kutoka hapo. Aliusoma uso wangu wa chui, akasimama. Kaka alikuwa ameshabeba dramu kubwa.

Msimamizi alitukuta mlangoni, akatanua mikono.

"Hizo zinarudi juu? Nilidhani tulielewana."

"Tulielewana wapige mbele ya watu," nilimjibu. "Watu wako mbele ya jengo. Kwa hiyo jengo liko mbele ya watu. Sogea, baba."

Alisogea. Nadhani bado alikuwa anaipigia hesabu hoja yangu.

Wakapanda. Mpishi akabaki ya pili, Mstaafu ya tatu, sisi tukaendelea mpaka ya nne, kaka akihema, mimi nimekumbatia tasa. Wifi akakaa kwenye kigoda chake, uso kwa ukuta. Akafunga macho. Kule nje mtangazaji alikuwa anawaita watu wa maigizo.

Alipiga.

Sauti ikashuka kama ilivyozoea. Tarumbeta ikaidaka, tamu, safi, mashavu yake ni siri yake mwenyewe. Gitaa likaingia. Na chini kabisa, mlangoni, Kinyozi akafungua mdomo akaimba kuhusu kile kichwa kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Jengo zima lilikuwa linatoa muziki kwa kila tundu. Nililia na kucheka kwa pamoja, na rangi ya chui ikanitiririka mpaka shingoni.

Wimbo ulipofika katikati, wifi akaniuliza bila kuacha kupiga, "Chini kukoje? Wapo?"

Nikachungulia kwenye tundu. Barabara yote ilikuwa imeinua uso. Watu wa maigizo walikuwa wanacheza na mavazi yao, mama wa shairi anacheza, hata mwenye nyumba wake anacheza. Na jukwaani, peke yake, alikuwa amesimama msimamizi. Alikuwa ameshika kipaza sauti cha mtangazaji, anaonyesha kidole ghorofa moja baada ya nyingine, ya nne, ya tatu, ya pili, anawaeleza watu nani anakaa wapi.

"Wamejaa," nilimwambia. "Na msimamizi anahutubia."

"Anasemaje?"

Nikatega sikio kwenye tundu.

"Anasema, hii ni bendi yetu."

Vijiti vikasimama hewani. Ghorofa ya tatu wakanyamaza, ya pili wakanyamaza, Kinyozi akakata neno katikati. Hakuna aliyemwona mwenzake, na hakuna aliyeuliza kulikoni. Kule barabarani nako pakatulia, nyuso zote juu. Wote walikuwa wanamngoja mpiga pasi.

Wifi akajifuta macho kwa bega la shati lake jeupe, akalikunja vibaya sana, akapiga.