Saini ya Mke wa Mwenye Kiwanja

Kwetu Mikumi, soda ikishanywewa, mkataba umekamilika. Ndivyo tulivyofanya nilipopangishwa kiwanja cha barabarani, niwauzie madereva wa malori supu na chapati. Mwenye kiwanja, mzee wa Kisanga, alisaini. Mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri, mashahidi wakafungua soda, nami nikarudi nyumbani kichwa juu kama mtu aliyenunua mbuga nzima. Kesho yake nikaita fundi, akaanza kujenga jiko.

Mume wangu ndiye aliyeng'ang'ania tumwone wakili kule Kilosa, maana kibanda changu cha kwanza kilivunjwa tukiwa na makubaliano ya mdomo tu. Nilikwenda shingo upande. Wakili aliusoma mkataba, akaugeuza, akauliza saini ya mke wa mzee iko wapi. Kiwanja ni mali ya mume na mke, akasema. Mke asiporidhia, siku yoyote naweza kutolewa, na sheria itakuwa upande wake.

Tukapanda pikipiki yetu hadi Kisanga. Mzee alicheka, akaona ni jambo dogo. Akamwita mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele uani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akafuta mikono, akaketi mkekani. Mumewe akamwonyesha pa kusaini. Mama hakuigusa kalamu. Alisema ndiyo kwanza anasikia kwamba kile kiwanja kimepangishwa.

Niliogopa, sitaki kudanganya. Mabati yalikuwa yameshapanda juu ya jiko langu. Nikamweleza yote, hadi maneno ya wakili.

"Kwa hiyo mimi nikikataa, hakuna mkataba?" aliniuliza.

"Hakuna, mama."

Akamgeukia mumewe. "Basi niulize."

Mzee alikohoa. Akatazama kuku, akatazama viatu vyake, akasema kwani si ameshaelezwa na mgeni. Mama akavuta ungo wake mapajani, akaendelea kupepeta. Mimi nilikuwa tayari kumpigia mzee magoti aseme. Mwishowe akavua kofia.

"Mke wangu, unakubali tumpangishe huyu dada kiwanja cha Mikumi?"

"Nakubali," alijibu hapo hapo, akachukua kalamu. Aliandika jina lake bila haraka, huku mumewe bado amesimama na kofia mkononi. Halafu akatufungia mchele wa kwenda nao. Nilimpenda yule mama siku ile, na hadi leo akipita Mikumi halipii supu yangu.

Wakati wa kurudi, tulifika njia panda. Hapo mume wangu akasimamisha pikipiki, akajifanya anakagua tairi.

"Hivi," akasema bila kunitazama, "unaonaje tukimuuza yule mbuzi wetu dume?"

Nikamwambia nitafikiri. Kumbe soda ya yule mbuzi ilikuwa imenywewa tangu jana yake.