Aliyejitolea Kuwa Mzima

Wagonjwa walimwita Chuma, na yeye hakuwakataza. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali iliyokuwa ikifanya utafiti wa kusagika kwa magoti. Kila asubuhi aliwasimamia wagonjwa wakinyanyua miguu kwenye mikeka, akiwakumbusha kwamba maumivu mengine ni uvivu tu uliovaa koti. Umri wake ulishavuka hamsini, lakini ngazi alizipanda mbilimbili, hasa akitazamwa. Asipotazamwa, alishika reli.

Siku daktari mtafiti alipotangaza kwamba anatafuta watu wenye magoti mazima, ili alinganishe picha zao na za wagonjwa, Chuma alinyoosha mkono kabla daktari hajamaliza kusema.

"Magoti yangu ndiyo yatakuwa kipimo," alimwambia mkewe jioni.

"Haya haya ninayoyachua mimi kila Jumamosi?"

"Huo ni uchovu, mama watoto."

Akalala ndani ya mashine ya picha, ikimgongea masikioni kama fundi bati, naye akijiwazia anavyosifiwa kwenye mikutano ya madaktari.

Siku chache baadaye daktari alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Kaka, kundi la wazima siwezi kukuweka."

"Umri umezidi?"

"Gegedu la goti la kulia, ule utando unaozuia mifupa isisuguane, limelika vibaya. Wagonjwa wako wengi wana nafuu kuliko wewe."

Chuma alitaka kusema mashine imekosea. Alipoinuka kitini goti likalia ko, wote wawili wakalisikia. Akakaa tena, akacheka mpaka machozi.

"Wanasema mganga hajigangi," alisema. "Mimi hata kujitambua sijajitambua."

Akaomba aingizwe kundi la wagonjwa. Mwenzake kazini akashika usimamizi, na Chuma akapewa mkeka kando ya bibi mmoja mshonaji, ambaye yeye Chuma alikuwa amemkemea mara nyingi kwa kupumzika katikati ya zoezi. Zoezi la pili halijaisha, Chuma alikuwa chali, anahema.

"Vipi baba, si ulisema ni kazi ndogo?" bibi aliuliza kwa upole.

"Nilikuwa nimesimama, bibi. Ukiwa umesimama, zoezi la mtu aliyelala ni jepesi sana."

Miezi ilipita, maumivu yakapungua, hayakwisha. Akarudishiwa usimamizi. Sasa, kabla hajaanza, humuuliza kila mmoja panapomuuma, na husubiri jibu. Wakimuuliza hali yake yeye, huwaambia wakamuulize mkewe, kwani yeye kwa habari za magoti yake si shahidi wa kuaminika.