Programu Haikuzimwa: Fundi wa Malaba na Malori Arobaini na Moja

Saa tatu asubuhi, na Truphena Akiteng hajagusa chai yake. Macho yako kwenye skrini nyeusi iliyojaa maandishi meupe. Nje ya dirisha, malori yamejaa yadi ya mizani hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi lango la nyuma, na madereva wameanza kupiga honi.

Programu inayotoa tiketi za mizani imekuwa goigoi tangu kulipokucha. Tiketi iliyokuwa ikitoka kwa sekunde kumi sasa inachukua dakika nne. Kuizima na kuiwasha upya ni hasara: vipimo vya malori arobaini na moja bado vimo ndani yake, na ikizimwa vyote vinapotea.

"Saa sita ikifika bado haijapona, tunarudi kuandika kwa kitabu," anasema Hamdan, mwenye yadi, akiwa amesimama mlangoni. "Na wewe, dada, itabidi tuongee."

Akiteng, mwenye umri wa miaka 31, mzaliwa wa Chakol, anaelewa maana ya maneno hayo. Ndiye fundi pekee wa kompyuta hapa, na mwaka jana aliteleza.

Siku hiyo programu ilipozubaa alichukua strace, chombo kinachoonyesha kila ombi ambalo programu inapeleka kwa mfumo wa kompyuta: kufungua faili, kusoma, kutuma, kungoja. Mafundi wengi huanza nacho. Lakini strace ni kama askari wa lango anayesimamisha kila mpita njia na kumhoji. Programu iliyokuwa ikijikokota ikakwama kabisa. Ikabidi izimwe, malori yakapanga foleni upya, na dereva mmoja, Okwara, aliyebeba vifaranga wa siku moja, akangoja juani hadi jioni.

"Tulifungua maboksi na yeye. Nusu walikuwa wamekufa," anasema Akiteng. "Hakunitusi. Afadhali angenitusi."

Kwa miezi minane baada ya hapo alijifundisha kwenye kompyuta kuukuu, akilinganisha vyombo: kipi kinaona zaidi, kipi kinasumbua kidogo. Tuseme ukweli, ni wachache wanaojihangaisha hivyo.

Leo anachagua perf trace, kinachohesabu maombi yanavyopita bila kuisimamisha programu kwa kila moja.

"Boss, leo siishiki. Naiangalia na kando tu," anamwambia Hamdan.

Baada ya dakika moja, jedwali linatokea. Faili ziko sawa. Diski iko sawa. Ila ombi moja, liitwalo poll, limekula karibu muda wote: programu inauliza kitu mtandaoni, inangoja sekunde tano, haijibiwi, inauliza tena.

Akiteng anainuka, anaenda moja kwa moja kwenye modemu ya intaneti iliyo juu ya kabati na kuifungua. Ndani mna laini ya simu ya Uganda.

Morris, karani wa mizani, anajikuna kichwa. "Si hapa kila mtu ako na laini mbili? Niliona hiyo ya ng'ambo inashika vizuri leo, nikaiweka tu. Kwa simu yangu nafanyanga hivyo kila siku."

Kwa simu, sawa. Lakini programu hii imezoeshwa kuuliza njia kwa mtandao wa Kenya pekee, na mtandao huo haumjibu anayebisha kwa laini ya upande wa pili.

Laini ya zamani inarudishwa. Tiketi inatoka kwa sekunde tisa. Ni saa nne kasorobo, programu haijazimwa, na hakuna lori lililopoteza nafasi yake.

"Huyu ni fundi wetu! Wa hapa hapa Malaba!" Hamdan anawapigia madereva kelele dirishani, kana kwamba si yeye aliyetaka kitabu. Madereva wanajibu kwa honi, na mwandishi huyu naye anapiga makofi bila aibu.

Akiteng anacheka, kisha anainywa chai yake ikiwa imepoa. Januari anataka kuanzisha darasa la Jumamosi kule Chakol kwa wasichana waliomaliza kidato cha nne. Somo la kwanza ameshaliandaa.

"Nitawaambia kwanza juu ya vifaranga," anasema. "Kompyuta itafuata."