Flashi Mbili za Mama

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: flashi mbili zinapaswa kukaribiana kiasi gani ndipo zihesabiwe mbili, si moja iliyorudiwa?

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naishi chumba cha kupanga mjini Machakos. Dada yangu alikuwa nyumbani kwetu Mwala, mimba imefika mwezi wake. Mwenye simu pale nyumbani alikuwa Mama, na mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi la mbuzi tu. Tulipatana angepiga na kukata. Flashi moja, tuko salama. Mbili, leta gari. Akishaflashi angeizima simu, kwa sababu chaji ilitafutwa sokoni. Na kushika simu ya mtu anayekuflashi, kila mmoja alijua, ni kumlia kredo. Watu walikosana kwa hilo.

Gari lilikuwa pikapu ya jirani yangu, muuza mchanga. Alinionya mapema. "Msomi, Mwala nitaenda mara moja tu. Ukinipeleka bure, siku yenyewe dada yako atapanda mkokoteni wa punda."

Alhamisi asubuhi, flashi. Nikamshukuru Mungu. Dakika kumi baadaye, nyingine. Nikapiga: mteja hapatikani. Nikakaa kitandani na kalamu, nikaandika hoja za pande zote mbili kama niko kwenye mtihani. Huenda mtandao ulikatika. Huenda Mama amesahau kwamba ameshatuma salamu za asubuhi. Nilikuwa kwenye hoja ya saba simu ilipolia tena. Flashi ya tatu hatukuwa tumeipa maana.

Nikashika.

"Mwaitu, dada yuko aje?"

"Umeshika?" Mama hakuamini. "Nimekusomesha mpaka chuo, na hujui flashi haishikwi? Hata nyanya yako, na macho yake yale, anajua. Hii kredo nilikuwa nimeiweka ya..."

Kredo ikaisha.

Hakuwa amesema salama, wala hakuwa amesema leta. Lakini Mama na magoti yake hangepanda kichuguu mara tatu kwa ajili ya salamu. Nikaacha hoja zangu kitandani, nikatoka pekupeku, nikaingia kwenye pikapu kabla jirani hajamaliza chai yake.

"Flashi ngapi?" akauliza.

"Washa gari, mzee."

Tulimkuta dada ameketi mlangoni, begi miguuni. Punda hakuhitajika.